Sura ya 6: Kabla Dari Halijafungwa

Sebule yenye dari la juu ni nadra kukosa taa. Ingia katika nyumba mpya za ghorofa zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zile ambazo sebule imeachwa wazi kuanzia sakafu ya chini mpaka kwenye paa la ghorofa ya juu. Utakuta jipsamu imetobolewa mistari kwa mistari na kila tobo lina taa yake. Dari linawaka. Shusha macho sasa: waliokaa kwenye makochi wana kivuli machoni, kona za chumba zimefifia, na mtoto mwenye kazi ya shule amehamia jikoni kwa sababu huko ndiko anakoona herufi. Mwenye nyumba akilalamika, anaongezewa taa nyingine, na dari linazidi kuwaka.

Tatizo huanzia dukani. Watu huuliza taa ni ya wati ngapi, kisha wanauliza chumba kama hiki kinameza taa ngapi. Kwenye dari la mita 2.7 maswali hayo yanaweza kukufikisha salama, maana taa iko karibu, na hata ukikosea kidogo mwanga utafika. Dari likipanda kupita mita 4, swali la kwanza linabadilika: mwanga wa taa hii utaangukia wapi, na ukifika huko utakuwa umebaki kiasi gani? Karibu kila uamuzi katika sura hii, kuanzia umbo la taa hadi rangi ya ukuta, unatoka kwenye swali hilo.

Tuchukue chumba kimoja tukae nacho. Ni sebule ya mita 5 kwa 6, na dari lake liko mita 5.4 kutoka sakafuni. Mtu akiketi kwenye kochi na gazeti mapajani, gazeti liko kama sentimita 70 juu ya sakafu, kwa hiyo kati yake na taa kuna mita 4.7. Chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo kina dari la mita 2.7, na humo umbali kutoka taa hadi gazeti ni mita 2. Umbali umeongezeka mara mbili na ushee. Mwanga nao haupungui kwa kiasi hicho tu. Unapungua kwa mraba wa umbali, na hapa hiyo ni mara tano na nusu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na inafaa kila mwenye nyumba aifanye mwenyewe. Nguvu ya mwale katikati hupimwa kwa kandela. Mwanga unaotua juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Chukua kandela za taa, gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa umbali uleule, na utapata luksi. Taa ndogo ya wati 5 yenye kandela 700, ikitazama chini kutoka mita 2, inatua na luksi 175, na kijana mwenye macho mazima anasoma gazeti bila shida. Taa ileile kutoka mita 4.7 inatua na luksi 32 hivi. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi za ndani, EN 12464-1, kinataka luksi 100 kwenye korido ya kupita tu, na 500 kwenye meza ya mtu anayeandika na kusoma ofisini. Sebule haihitaji kuwa ofisi, lakini luksi 32 hazifiki hata theluthi ya korido.

Na wanaoketi humo si vijana peke yao. Mboni ya mzee haipanuki kama zamani na lenzi ya jicho lake imeingia umanjano, kiasi kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Nyumba ambayo bibi anakuja kukaa na wajukuu inapaswa kupimwa kwa macho ya bibi.

Kwenye boksi la taa utakuta wati na utakuta lumeni. Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, popote unapoelekea. Kandela mara nyingi hazimo kwenye boksi la bei rahisi. Zimo kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, na kwa dari la juu karatasi hiyo ndiyo ya kuomba. Muuzaji asipokuwa nayo, tazama angalau namba moja iliyo ndogo kuliko zote kwenye boksi, ile yenye alama ya digrii. Hiyo ni pembe ya mwale.

Pembe ya mwale huamua lumeni zilezile zitamwagwa juu ya eneo kubwa au zitakusanywa juu ya eneo dogo. Mtu anayemwagilia bustani hubana mdomo wa mpira wa maji ili afikie ua lililo mbali. Maji ni yaleyale, yamekusanywa tu. Taa nyingi bapa za kuzama zinazouzwa madukani, zile za duara au za mraba zenye uso wa maziwa, hutawanya mwanga kwa digrii 110 au 120. Kwenye dari la mita 2.7 zinafanya kazi nzuri. Kwenye sebule yetu, mwale wa digrii 120 ukifika kwenye usawa wa gazeti una upana wa zaidi ya mita 16, na chumba chenyewe ni mita 6. Sehemu kubwa ya mwanga huo imegonga kuta kule juu, karibu na dari, mahali ambapo hakuna anayeishi. Hiyo ndiyo sababu dari linawaka na makochi yako gizani.

Punguza pembe hadi digrii 60, duara la mwanga kwenye usawa wa gazeti linakuwa mita 5.4. Digrii 36 zinakupa mita 3. Digrii 24 zinakupa mita 2, ukubwa unaotosha kufunika meza ya kahawa na magoti ya waliokaa kuizunguka. Taa ya lumeni 900 yenye digrii 24 iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa na kandela 3,500. Kutoka mita 4.7 inatua na luksi 158 kwa taa moja tu, na mbili zikipishana katikati zinapita 300. Taa ya lumeni hizohizo yenye uso wa maziwa ina kandela 300 hivi, na kutoka juu hapo inatua na luksi 14. Umeme unaoliwa ni uleule.

Ukingo wa mwale haukatiki kama mkasi. Wapimaji wameuweka pale ambapo nguvu imeshuka hadi nusu ya ile ya katikati, kwa hiyo mwanga unaendelea kupita hapo ukizidi kufifia. Ndiyo maana taa za digrii 36 zikipangwa mita 2 hadi 2.5 kutoka moja hadi nyingine kwenye dari la juu hujalizana bila kuacha madoa. Kwa sebule za mita 4 kwenda juu napendekeza mchanganyiko: digrii 24 juu ya vitu, digrii 36 kwa mwanga wa jumla, na nyuso za maziwa zibaki kwenye korido, choo na stoo.

Sasa rudi kwenye ramani ya chumba, maana hapo ndipo fedha huokolewa. Mazoea ni kuchora gridi: gawanya dari kwa mistari, weka taa kila makutano, uonekane umenyooka. Gridi hupendeza ukiitazama kutoka chini kwenda juu, na hakuna mtu anayeishi akitazama hivyo. Mimi ningeanza kwa kuchora makochi. Chora meza, kabati la televisheni, mlango, ngazi za kupandia ghorofani, picha itakayotundikwa, zulia la kuswalia kama lina mahali pake. Kisha weka taa juu ya kile kinachotaka kuonekana. Mbili au tatu za meza na makochi. Moja kwa kila mapito. Ngazi zipewe zake, na zipangwe ili kivuli cha kila kidato kisimfiche mguu anayeshuka. Ukimaliza utagundua umetumia taa 8 au 10 katika chumba ambacho ulikuwa umeambiwa kinahitaji 24.

Kilichobaki ni kuta. Jicho likiingia chumbani hutazama mbele, na mbele kuna ukuta. Chumba ambacho sakafu yake ina mwanga mwingi na kuta zake ni giza kitaonekana giza, hata kipimo kikisema vingine. Ukuta wenye rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoupata. Ukuta uliofunikwa mbao nyeusi hurudisha chini ya 20. Kwa hiyo uamuzi wa rangi ni uamuzi wa taa, na katika chumba kirefu kwenda juu una uzito zaidi, maana eneo la kuta ni kubwa kuliko la sakafu. Kwenye sebule yetu sakafu ni mita za mraba 30, na kuta zote nne, kabla hujatoa madirisha, ni karibu 119. Ukipaka kuta hizo rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu tu imeonekana kwenye picha ya hoteli, andaa fedha za umeme za hoteli pia.

Picha au kitambaa kilichotundikwa ukutani kina kanuni yake, na dari la juu huibadilisha kabisa. Mwale unaoangukia picha unatakiwa uje kwa mshazari wa digrii 30 hivi kutoka wima. Ukija wima zaidi fremu inatupa kivuli kirefu juu ya picha, ukija umelala zaidi mtazamaji anaona mwako kwenye kioo. Kwa dari la mita 2.7 na picha ambayo katikati yake iko mita 1.6, mshazari huo unaiweka taa sentimita 63 kutoka ukutani. Kwa dari letu la mita 5.4, unaiweka mita 2.2 kutoka ukutani. Mafundi wengi wamezoea kupima sentimita 60 kwa kila dari, na kwenye dari la juu matokeo yake ni ukuta wenye mapindo ya mwanga kule juu na picha iliyo gizani. Chagua taa yenye kichwa kinachogeuka, upime mwenyewe kwa futi kabla tundu halijakatwa.

Kuna wakati utataka kinyume chake, mwanga uparuze ukuta kwa karibu. Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama ule wa nyumba za kale za mwambao, au wa mawe ya kuchongwa ya Nairobi, hupendeza sana taa ikikaa sentimita 20 au 30 kutoka kwake: kila shimo linapata kivuli chake na ukuta unakuwa hai. Usifanye hivyo kwenye plasta ya kawaida. Mwanga wa kuparuza huonyesha kila mahali ambapo lipu haikunyooshwa, na hakuna rangi itakayoficha.

Kuhusu mng'ao unaochoma macho, nyumba zenye sebule iliyo wazi hadi juu zina mtego ambao ramani ya chini haionyeshi. Mtu aliyekaa chini hazioni taa za mita 5 machoni, isipokuwa akilala kwenye kochi. Lakini anayepita kwenye korido ya ghorofani, akishika reli na kutazama sebuleni, macho yake yako sentimita mia moja na kitu tu chini ya dari. Taa zote zilizo bapa na jipsamu zinamchoma moja kwa moja. Dawa yake ni taa ambazo balbu au chipu imekaa ndani, sentimita kadhaa juu ya usawa wa dari, na pete ya ndani ikiwa nyeusi au isiyong'aa. Ukisimama pembeni unaona tundu jeusi tu; ukisimama chini yake unaona mwanga. Ni ghali kidogo kuliko zile bapa, na kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuongeza fedha kwanza.

Tuje kwenye rangi ya mwanga. Taa nyingi zinazojaa madukani kwetu ni za kelvini 6500, mweupe unaoelekea buluu. Chanzo chake kiko kwenye maabara. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, alipoionyesha Nick Holonyak Marekani, lakini kwa nyekundu na kijani peke yake huwezi kutengeneza mwanga mweupe. Ilikosekana buluu. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walihangaika na fuwele ya galiamu na nitrojeni ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa, na mwaka 1993 Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia, alitangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Karibu kila taa nyeupe ya LED leo ni chipu ya buluu iliyopakwa unga wa manjano: sehemu ya buluu hupenya, sehemu hugeuzwa na unga kuwa manjano na nyekundu, na jicho hujumlisha na kuona nyeupe. Kila mwanga unaogeuzwa hupoteza nguvu kidogo. Kwa hiyo taa inayoacha buluu nyingi ipenye hutoa lumeni nyingi kwa wati ileile, nayo ndiyo rahisi kuuza.

Duka la simu linaweza kufurahia kelvini 6500. Kwenye sebule, saa mbili usiku, ngozi nyeusi chini ya mwanga huo inaelekea kijivu, mchuzi wa nazi unaonekana umepoa, na mbao za mninga zinapoteza wekundu wake. Chagua 2700 au 3000. Kwa dari la juu naegemea 3000, kwa kuwa 2700 kutoka mbali inaweza kuonekana imechoka kama kuta hazikupakwa nyeupe. Usichanganye rangi mbili katika uwazi mmoja. Korido ya ghorofani ikiwa 6500 na sebule 3000, kila moja itaonekana mbovu kwa sababu ya mwenzake.

Joto la rangi, yaani namba hizo za kelvini, halitoshi. Taa mbili za kelvini 3000 zinaweza kuonyesha kanga ileile tofauti kabisa. Kipimo chake kimeandikwa kwenye boksi kama CRI au Ra, na juu kabisa ni 100. Kipimo hicho ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu kali haimo. Nyekundu ina alama yake, R9, na taa yenye Ra 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri. Omba Ra 90 na R9 ya 50 au zaidi. Nyekundu ndiyo iliyo ndani ya ngozi ya kila mtu, ndani ya nyama na nyanya, na ndani ya nusu ya vitambaa tunavyovaa kwenye sherehe. Ukishindwa kupata karatasi ya vipimo, nenda dukani na kanga nyekundu na uombe taa iwashwe juu yake kando ya dirisha. Nyekundu ikigeuka ya matofali, acha.

Sasa panda juu ya jipsamu. Taa ya LED haichomi mbele kama balbu za zamani, lakini joto lake lipo, limekaa mgongoni, na linatakiwa litoke. Katika nyumba nyingi zetu, juu ya jipsamu kuna blandaringi, juu yake kenchi, juu yake bati. Mwambao, hewa iliyofungiwa kati ya bati na dari hupikwa na jua kutwa nzima. Bati lenyewe hupoa haraka magharibi ikiingia, lakini hewa, mbao na jipsamu hubaki na joto, na hiyo ndiyo saa taa zinawashwa.

Kinachokufa kwanza humo mara nyingi ni draiva, kile kiboksi kinachogeuza umeme wa nyumba kuwa ule unaotakiwa na chipu. Ndani yake mna kapasita zenye kimiminika, na mainjinia wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Boksi linaposema saa 25,000, kwa kawaida linazungumzia muda wa chipu kufifia hadi asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo katika hali nzuri. Kwa saa 5 kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka 13. Draiva iliyolala juu ya jipsamu chini ya bati haijaahidi miaka hiyo. Nunua taa ambayo draiva yake ni kiboksi cha kujitegemea kinachoungana kwa plagi ndogo, ili siku ikifa ibadilishwe peke yake. Mgongo wa taa uwe na mapezi ya aluminiamu yenye uzito mkononi. Sponji au pamba ya kuzuia joto isilazwe juu ya taa, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba inaruhusiwa. Na kama fedha ipo, matundu ya hewa kwenye ncha za paa yatasaidia taa na wanaolala chini yake.

Umeme wetu nao una tabia zake. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na jioni, kila mtu anapopika na kupiga pasi, pengine volti hushuka sana. Draiva iliyoandikwa 220 hadi 240 itayumba. Iliyoandikwa 100 hadi 265 itavumilia. Kwenye boksi kuu la umeme weka kinga ya mapigo ya ghafla, hasa kama umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Draiva dhaifu pia huacha mwanga upepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kichwa cha baadhi ya watu kinauma. Elekeza kamera ya simu kwenye taa iliyowashwa, kwa mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi ikipita, irudishe kwenye rafu. Kama unataka dima, ile swichi ya kuzungusha, dima na draiva zinunuliwe pamoja na zijaribiwe pamoja mezani, kwa sababu dima ya balbu za zamani hufanya LED ipepese na kunguruma.

Kuna dari ambalo halitaki kabisa taa za kuzama. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina vyumba vyembamba, vingi havizidi mita 3 kwa upana kwa sababu boriti za mikoko hazikui ndefu zaidi ya hapo kwa unene unaofaa, na vina dari la juu linaloruhusu hewa ya moto ipande. Juu ya boriti mna mawe na chokaa vilivyoshikana. Hakuna uwazi wa kuficha taa, na kuchimba tundu ni kujeruhi kile kinachobeba sakafu ya juu. Miji hiyo miwili imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na Zanzibar kuna mamlaka maalumu ya uhifadhi ambayo ruhusa yake inatakiwa kabla ya kugusa. Nimeona wakarabati wakishusha jipsamu chini ya boriti ili wapate pa kuzamisha taa, na inaniuma kila nikiiona: wamefunika kitu kizuri kuliko vyote chumbani. Katika vyumba hivyo weka taa ndogo chini, nyuma ya kabati au sakafuni kwenye kona, zielekee juu. Boriti zipakwe mwanga, nazo zitaurudisha chini zikishirikiana na chokaa nyeupe ya kuta. Zidaka, yale mashimo ya ukutani ya kuwekea vyombo, yanapokea mkanda mwembamba wa LED vizuri sana.

Hata kwenye nyumba mpya, dari la juu lisibebeshwe kazi yote. Taa ya kusimama kando ya kochi iko mita moja kutoka kwenye kitabu. Kwa wati 6 inafanya kile ambacho taa ya juu hukifanya kwa shida. Taa mbili za ukutani kwenye kimo cha mita 2 huzipa nyuso mwanga wa ubavu, ule unaoondoa vivuli vya chini ya macho. Pitisha waya zake ukutani sasa, kabla ya lipu. Gawanya swichi: za makochi peke yake, za ukuta peke yake, za mapito peke yake. Swichi moja inayowasha kila kitu huifanya familia iketi kwenye mwanga wa ukumbi wa harusi kila usiku, au gizani.

Swali la mwisho kabla ya kumlipa fundi ni nani atapanda. Mita 5.4 haifikiwi kwa ngazi ya nyumbani. Inahitaji ngazi ndefu ya aluminiamu ya kukodi au mirunda iliyofungwa upya, na mtu wa kuishika chini. Juu ya ngazi za ghorofani ni hatari zaidi, maana hakuna sakafu tambarare ya kusimamisha kitu. Hapo usiweke taa darini hata moja kama unaweza kuiweka ukutani. Zinazobaki juu zipangwe mahali ambapo ngazi itasimama bila kuhamisha kabati. Chagua kati ya taa iliyounganika moja kwa moja na ile yenye soketi ya GU10 ambayo balbu yake huchomolewa. Iliyounganika hupoa vizuri zaidi na huwa na kandela nyingi. Ya GU10 inapatikana karibu kila mji, na miaka kumi baadaye bado utapata inayoingia. Kwa mita 5 kwenda juu nachagua iliyounganika, kwa sharti kwamba kipenyo cha tundu ni cha kawaida, ili siku modeli ikitoweka sokoni nyingine iingie bila kukata jipsamu upya.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au ya EPRA kwa Kenya, na jioni moja kabla jipsamu haijapigwa mwombe afunge taa tatu kwenye blandaringi kwa waya wa muda. Subiri giza. Weka viti vya plastiki mahali makochi yatakapokaa, mkalishe mzee mmoja na gazeti, panda mwenyewe ghorofani utazame chini. Sogeza taa mpaka zikae sawa, kisha weka alama ya rangi kwenye mbao kila tundu litakapokatwa, na upige picha kila waya unapopita.

Ukinunua taa 10, nunua 12. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi iwe moja kwa zote, kwa kuwa hata taa za mtengenezaji mmoja, zilizoandikwa 3000 zote, hutofautiana weupe kutoka toleo hadi toleo. Zile mbili za akiba ziwashwe usiku mmoja kuhakikisha ni nzima, zirudishwe kwenye maboksi yake pamoja na draiva moja ya ziada na karatasi ya vipimo, na ziwekwe stoo, mbali na joto la darini.